Nguo ya Kumvushia Baba Mkwe

Mtumbwi wa Usangu hauendeshwi umekaa. Anayekaa ni mzigo, au mgeni, au mgonjwa. Mwendeshaji husimama nyuma, upondo mkononi. Anausimika ule mti mrefu kwenye tope, anausukuma, anauchomoa, anausimika tena mbele kidogo. Na kwa kuwa amesimama, kila aliye ukingoni anaona alivyovaa. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Ipogolo, kule Iringa chini ya mlima, kwa hiyo jambo hilo la mavazi ndilo nililoliona kwanza, kabla sijaogopa maji.

Mume wangu nilimpata kwenye kibaraza cha baba. Alikuwa bwana shamba, Mnyakyusa, amepita njiani kuelekea kazini, na alileta suruali mbili ziongezwe upana chini ziwe bugaluu. Mimi ndiye niliyezishona. Nilizipanua mpaka ukaweza kuficha kibuyu cha maji ndani ya kila mguu, naye akarudi mwezi uliofuata kusema zimemkaa vizuri, akarudi tena kusema hivyohivyo, mpaka baba akamuuliza kama amekuja kuisifu suruali au amekuja na wazee wake. Ndivyo nilivyoolewa, katikati ya miaka ile ya sabini, nikachukua cherehani yangu na kumfuata bondeni, kwenye kijiji cha mpunga ng'ambo ya maji ya Chimala.

Nasema ng'ambo ya maji kwa sababu kila masika barabara ilikuwa inazama. Kiangazi ungekwenda Chimala kwa baiskeli. Masika unavuka kwa mtumbwi katikati ya matete mpaka penye ardhi kavu, ndipo upande trela la trekta. Na joto lake! Joto la bondeni wakati wa masika halikuchomi, linakupika polepole kama maharage.

Sasa sisi watu wa nyanda za juu tuna kosa letu moja. Kwetu maji ni baridi. Mto wa kwetu Ipogolo ukiingiza mguu asubuhi, meno yanagongana. Tangu utotoni tunaambiwa ukienda majini vaa sweta. Basi siku yangu ya kwanza kupanda mtumbwi, jua la saa sita, nilipanda na sweta ya sufi, gauni refu, kitenge juu ya gauni, na viatu vya kufunga. Mume wangu, bwana shamba mzima aliyesomea mambo ya hali ya hewa, akasimama nyuma kuendesha akiwa na bugaluu na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali. Hatukufika mbali. Alipouchomoa upondo, maji yaliyotiririka kutoka kwenye mti yakaingia kwenye bugaluu, miguu ikawa mizito, akataka kusogea, raizoni ikateleza, akatumbukia majini. Hakupiga hata kelele. Kina kilikuwa cha kiunoni tu, akasimama na nywele zake za afro zimelala upande mmoja, akaniuliza kwa hasira kwa nini nilizifanya pana vile.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mama wa Kisangu aliyekuwa akichuuza samaki. Alitukokota mpaka ukingoni, kisha akanitazama mimi na sweta yangu.

"Kamwene, bibi harusi. Kwani unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi vua hiyo kondoo."

Yeye ndiye aliyenifundisha, na somo lake la kwanza halikuwa upondo, lilikuwa nguo. Kanga iwe moja, tena kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, kwa sababu kanga mpya ina wanga na ikilowa inakuwa ubao. Unajifunga kiunoni, halafu unapiga uwinda: unaichukua ncha ya mbele, unaipitisha katikati ya miguu, unaichomeka nyuma, magoti yanabaki huru. Juu blauzi isiyo na mikono. Kichwani kofia ya ukindu yenye kamba ya kidevuni, maana upepo wa bondeni ni mwizi. Miguuni usivae kitu, kwa sababu mtumbwi unasikilizwa kwa nyayo, na mwenye viatu ni kiziwi.

"Na watu wakiniona magoti?" nilimuuliza.

"Wakiona magoti watajua unayo. Wakikuona chini ya maji watajua nini?"

Masika ile nikajua kuendesha. Siyo kujisifu, lakini nilikuwa hodari, na mume wangu akarudi kuwa mzigo, anakaa katikati na bugaluu zake zimekunjwa mpaka magotini.

Mambo yote yalikuwa mazuri isipokuwa baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani. Nisieleweke vibaya, si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Akija njiani, mkwe unaacha njia, unajifunika kanga, unachuchumaa kwenye majani mpaka apite. Jina lake hulitaji. Yeye naye akikaribia nyumba anakohoa kutoka mbali ili ujifiche. Mzee wangu aliishi Ilomba, pale Mbeya, alikuwa seremala, na tangu niolewe nilikuwa namfahamu kwa kikohozi na kwa mgongo. Mgongo wenyewe ulikuwa wa koti, koti jeusi la baridi, zito, lenye kola ya manyoya, ambalo kwa baridi ya Mbeya lilikuwa na akili, na hakulivua popote.

Mimi nisingejali kutokumwona. Kilichoniuma ni kwamba nilijua hanitaki. Kabla ya harusi alisema, na maneno yana miguu, yakanifikia Ipogolo: "Huyo mtoto wa Iringa anajua kushona tu. Ataweza nini?" Tangu hapo hakuniita kitu chochote. Wake wa wanawe wengine, hata kama haonani nao, alikuwa akiwatumia salamu: "Msalimieni mwanangu wa Tukuyu, msalimieni mwanangu wa Kyela." Mimi nilikuwa "huyo wa bondeni." Nilipika, alikula, akasema mwambieni huyo wa bondeni chumvi imezidi. Nililia kwa ajili ya hilo neno zaidi ya nilivyowahi kumwambia mume wangu. Nilitaka aniite mwanangu, basi. Mara moja ingetosha.

Masika moja akaja mwenyewe. Binti yake wa mwisho, wifi yangu, alikuwa anaolewa, na ng'ombe wa mahari walikuwa wanaletwa Ilomba kesho yake. Alikuja na vijana waliokuwa wakivusha mbolea, amekaa katikati ya mtumbwi na koti lake na mwavuli, kumchukua mwanawe aende kusimama naye kuwapokea ng'ombe. Bila baba, ng'ombe hawapokelewi. Na wasipopokelewa, wakwe wanageuza nao, na aibu inabaki kwa binti. Usiku huo mume wangu akashikwa na malaria, na asubuhi alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinatembea.

Wanaume wa kijiji walikuwa wameondoka alfajiri na mitumbwi mikubwa kwenda kuziba mfereji uliopasuka. Jirani yangu mchuuzi alikuwa ameshakwenda mnadani. Nikamtumia habari jirani yetu mwingine, mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wake, kama anaweza kumvusha mzee. Akajibu kutoka kwenye zizi lake, kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, kwamba yeye anaswaga kitu chenye miguu, gogo hapana.

Ulibaki mtumbwi mmoja mdogo, na mwendeshaji mmoja. Nikakaa jikoni nikipiga hesabu ya aibu. Nisipompeleka, mimi ndiye niliyeharibu harusi ya wifi yangu. Nikimpeleka, mimi ndiye niliyepanda chombo kimoja na baba mkwe, chenye upana wa mkeka wa mtoto, nimesimama, magoti nje. Ama kweli, mbele simba, nyuma chui.

Mume wangu akaamua kesi kutoka chini ya blanketi. Meno yakigongana, akasema: "Yeye a-a-akae mbele, atazame mbele. Wewe nyuma. Ujifunike. Msisemeshane." Kisha akajigeuza ukutani, kama hakimu aliyefunga faili.

Nikajifunika. Gauni refu, kitenge juu ya gauni, kanga kuanzia kichwani mpaka kidevuni, kanga nyingine mabegani. Nikabeba na kuku jike mwekundu, zawadi yangu kwa bibi harusi, nikamfunga kamba miguuni, nikamweka katikati ya mtumbwi. Mzee akakohoa. Nikageukia matete. Akapanda, akakaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kooni. Nikapanda nyuma yake, nikasukuma.

Kabla hatujapita bwawa la kwanza nilikuwa nimeiva. Jasho liliingia machoni. Kitenge kilicholowa kilijisokota magotini kama mtu ananishika miguu. Kila nikiinua upondo, kanga ya mabegani inapanda nao. Mtumbwi ukaanza kuyumba. Mbele yangu mzee naye alikuwa anateremka jasho, nililiona shingoni, linaingia kwenye manyoya ya kola. Mtumbwi ulipokunywa maji kidogo upande wa kushoto, akashtuka. Akakohoa. Kisha, kwa sauti ya upole sana, akamsemesha kuku.

"Kuku," alisema, "mwambie huyo wa nyuma, tunazama?"

Nilitaka kucheka nikaogopa. Kunyamaza ilikuwa kukosa adabu, na kumjibu ilikuwa kukosa adabu zaidi.

"Kuku," nilisema, "mwambie mzee hatuzami. Ila nguo zimekuwa nyingi."

Kuku akatutazama, mmoja kwa jicho moja, mwingine kwa jingine.

"Kuku, mwulize, anayevuka hapa siku zote anavaaje?"

"Kuku, mwambie... anavaa kidogo."

Mbu wakapita. Mzee akafikiri, nikaona jinsi shingo yake inavyofikiri.

"Kuku, mwambie sasa mimi navua koti. Tena asitazame."

Alipovua, mvuke ulitoka, naapa. Ndani alikuwa na sweta, na ndani ya sweta shati, na ndani ya shati fulana ya mikono mirefu. Watu wa nyanda za juu sisi! Akafungua mwavuli, akauweka begani nyuma yake, akalitundika koti juu ya mwavuli, likaning'inia pande zote kama pazia la chumbani. Halafu akasema, "Kuku, mwambie sioni kitu. Afanye anavyofanyaga."

Basi nikafanya ninavyofanyaga. Nyuma ya koti la Ilomba nilivua kitenge, nikavua kanga za juu, gauni nikalichukua pindo nikalipiga uwinda mbele nyuma, nikaikaza kanga mojawapo kiunoni. Upepo ukanipata miguuni. Nikausimika upondo, na mtumbwi ukaondoka kama umeitwa.

Isipokuwa sasa sikuwa naona ninakokwenda. Mbele yangu palikuwa na koti tu. Njia ile ya maji ina kona, na kila kona ina matete, na matete yana visiki. Tukagonga cha kwanza.

"Kuku, mwambie aende kulia!" alisema mzee.

"Kuku, mwambie mzee aseme mapema!"

Hivyo ndivyo tulivyovuka. Yeye akawa macho, mimi nikawa mikono, na kuku akawa karani wetu. "Kuku, kushoto kidogo." "Kuku, mwambie nimesikia." "Kuku, huyo mtu anasukuma vizuri, eti?" Hilo la mwisho sikulijibu, nilijifanya sikulisikia, lakini nililisukumia upondo kwa nguvu zaidi. Tulipofika penye maji mapana alikuwa ameanza hata kumweleza kuku habari za bei ya mbao.

Kiboko hakutoa taarifa. Maji yalipanda ghafla mbele yetu, pua mbili zikapuliza kama bomba la trekta, na kuku, ambaye kamba yake ilikuwa imelegea katika kule kuvua kwangu, akapiga kelele moja, akaruka juu ya koti, akaangukia kwenye matete. Mtafsiri wetu akaondoka na kazi yake.

Sikuona kitu. Niliona koti. Nilisikia pua.

"Kuku—" alianza mzee, akakatika. Nilisikia jinsi anavyotafuta mtu wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na yeye na mimi na yule mnyama.

"Mwanangu!" alipiga kelele. "Mwanangu, kushoto! Sukuma, mwanangu! Sukuma!"

Nikasukuma. Sikuwahi kusukuma hivyo, na sijasukuma hivyo tena. Mtumbwi ukalala kushoto, ukaingia kwenye mfereji mwembamba wa matete, mwavuli ukanaswa, ukapeperuka, na koti lake likaenda nao. Kiboko yule nadhani ndiye pekee bondeni aliyekuwa na koti la baridi. Mimi na mzee tukabaki bila pazia, kweupe, tunahema. Hakugeuka. Shingo ilikaa kama msumari. Nami niliinamisha kichwa, nikatazama magoti yangu yenye tope, nikajiambia, basi, imekwisha.

Pale bandarini, kama pale panaweza kuitwa bandari, akina mama wachuuzi walituona tukitoka kwenye matete: mzee wa heshima bila koti mbele, mkwe na uwinda nyuma. Mmoja alipiga kigelegele mwenziwe akamziba mdomo. Mzee akashuka. Akakohoa mara moja akiwa amenipa mgongo, akapanda trela, akaenda kupokea ng'ombe.

Ng'ombe walipokelewa. Hayo nilipewa habari. Juu ya ule mtumbwi sikupewa neno. Mume wangu alipopona alikwenda Ilomba akarudi, nikamwuliza, kasemaje? Akasema, hajasema kitu, ameuliza tu bei ya mwavuli. Wiki zikapita. Nilikuwa nashona nguo za watu na kuichambua ile "mwanangu" kama mtu anayechambua mchele. Mtu aliyeona kiboko anaweza kumwita hata adui yake mwanangu. Kinachotamkwa kwa hofu si lazima moyo uwe umekituma. Nilijiambia hivyo mchana, nikakataa kuliamini lile neno, kisha jioni nikaliamini tena, na nikajikasirikia kwa kuwa mtu mzima anayehangaika kwa neno moja.

Maji yalikuwa bado hayajapungua ilipoletwa habari kwamba mzee yuko ng'ambo anangoja kuvushwa. Mume wangu akakunja bugaluu kwenda. Jirani yangu mchuuzi, aliyeileta habari, akamzuia kwa kikapu.

"Wewe kaa. Mzee amesema hataki wa suruali. Amesema aje mwenye upondo."

Nikasimama mbele ya sanduku langu la nguo muda mrefu. Gauni na kitenge, au kanga kuukuu? Mwishowe nikachukua kanga kuukuu, nikapiga uwinda, nikaongeza moja tu ya kichwani kwa adabu, nikaenda.

Nilimwona kutoka mbali, ameyapa maji mgongo. Nilichelewa kumtambua, kwa sababu koti halikuwepo. Alikuwa amevaa kaptula ya kaki, fulana nyembamba, kofia ya ukindu yenye kamba ya kidevuni, na miguu haikuwa na kitu. Miguu yenyewe ilikuwa myeupe kwa kutoonana na jua, kama ya mtu aliyetoka hospitali. Chini ya kwapa lake alikuwa amebana kuku, jike mwekundu, amefungwa kamba vizuri safari hii.

Nikasogeza mtumbwi, nikageuka nikatazama matete. Akakohoa. Kisha akaanza kupanda kinyumenyume, mguu mmoja unapapasa nyuma, kama mtu anayeteremka ngazi, ili tu asinitazame. Akakaa. Akamweka kuku katikati yetu, akamgeuza vizuri, mdomo ukaelekea kwangu.

"Kuku," alisema. "Mwambie mwanangu nimefika."

Nilishika upondo kwa mikono miwili, machozi yakanitoka pale nilipokuwa, na sikuwa na nguo ya ziada ya kufutia.

"Kuku," nilisema mwishowe, "mwambie baba akae vizuri. Tunaondoka."